Umbali, Mwendo na Saa: Kuieleza Safari ya Angani Kati ya Nairobi na London kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtu akiulizwa jijini Nairobi kama London ni mbali, anaweza kutoa majibu matatu na yote yakawa ya kweli. Anaweza kusema kwamba ni kilomita 6,840. Anaweza kusema kwamba ni mwendo wa saa tisa kwa ndege. Anaweza pia kusema kwamba ukiondoka usiku utafika alfajiri. Jibu la kwanza linahusu umbali, la pili linahusu muda, na la tatu linahusu wakati. Katika mazungumzo ya kawaida majibu haya hupokezana nafasi bila kumdhuru yeyote. Madhara huanza pale abiria anapokuwa na tiketi mkononi, au mfasiri anapokuwa na ratiba ya safari mezani, au mzazi anapokwenda uwanjani kumpokea mwanawe na kumkosa.

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoyaeleza mambo hayo matatu, kwa kutumia mfano wa safari ya ndege kati ya Nairobi na London. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati wa Kiswahili unatosha kuieleza safari hiyo kwa usahihi. Tatizo ni kuwa watumiaji wa lugha wameyabebesha maneno mawili, yaani mwendo na saa, mzigo ambao ulistahili kugawanywa. Aidha, makala yanadai kwamba mfumo wa saa wa Kiswahili ulizaliwa karibu na ikweta, na kwamba msemaji anayevuka kwenda mbali na ikweta hana budi kuufahamu msingi huo la sivyo maneno yake yatampotosha.

2.0 Umbali: Kipimo Kisichobadilika

Nomino umbali imeundwa kutokana na neno mbali kwa kuongezewa kiambishi u-, jinsi uzuri ulivyotokana na -zuri. Ni nomino dhahania, na kwa hivyo inafaa kutajia nafasi iliyopo kati ya sehemu mbili bila kujali nani anasafiri, wala kwa chombo gani. Neno masafa, lenye asili ya Kiarabu, hukaribiana nalo kimaana, na watangazaji wa michezo nchini Kenya wamelizoeza masikioni mwa umma kwa kutaja mbio za masafa marefu. Hata hivyo, masafa limepewa pia jukumu la kutaja idadi ya mitetemo ya mawimbi, kama yale ya redio. Katika maandishi ya kitaaluma kuhusu usafiri, basi, umbali ndilo neno lenye utata mdogo zaidi.

Je, umbali kati ya miji miwili hupimwaje angani? Kwenye ramani ya karatasi mtu angeweka rula na kuchora mstari ulionyooka. Dunia, hata hivyo, ina umbo linalokaribia tufe, na njia fupi kuliko zote juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kila digrii moja ya duara hilo ina urefu wa takriban kilomita 111. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko kusini kidogo mwa ikweta, karibu na digrii 37 mashariki mwa Greenwich. Uwanja wa Heathrow uko karibu na digrii 51 na nusu kaskazini mwa ikweta, na kwa longitudo uko karibu na Greenwich kwenyewe. Hesabu ya pembe iliyopo kati ya viwanja hivi viwili hutoa digrii 61 na nusu hivi. Zidisha kwa 111 na jawabu litakaribia kilomita 6,840.

Kiasi hicho hakibadiliki. Kilikuwa hivyo mwaka 1932, wakati ndege za Imperial Airways zilipoanza kubeba abiria kutoka London hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, zikitua hapa na pale kwa siku kadhaa. Ni hivyo leo, ambapo ndege haitui popote njiani. Yeyote anayesema kwamba London imesogea karibu anatumia tamathali ya usemi. Kilichopungua ni muda, wala si umbali.

3.0 Mwendo: Neno Moja, Vipimo Vitatu

Nomino mwendo hutokana na kitenzi -enda, nayo ina maana pana. Dereva anapoambiwa apunguze mwendo, mwendo ni kasi. Mtu anaposifiwa kwa mwendo wake wa maringo, mwendo ni namna ya kutembea. Mzee anapomwelekeza mgeni kwamba kijiji kiko mwendo wa siku mbili, mwendo ni umbali uliopimwa kwa muda. Matumizi haya ya tatu ndiyo yanayohusu mjadala huu.

Kupima umbali kwa muda si upungufu wa lugha. Kwa msafiri wa miguu, kipimo cha siku kilikuwa na manufaa kuliko kipimo cha urefu, kwa sababu kilimwarifu alale wapi na abebe chakula kiasi gani. Mabaharia wa pwani walijua zaidi ya hapo. Kwao, safari ya kutoka Maskati hadi Unguja na safari ya kutoka Unguja hadi Maskati zilikuwa na umbali mmoja, lakini hazikuwa na mwendo mmoja. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kusini, na kusi ndiyo iliyoyarejesha kaskazini. Aliyekosa pepo zake alingoja miezi. Katika fikra hiyo, kuuliza mwendo bila kutaja msimu lilikuwa swali nusu.

Fikra hiyo ya kibaharia inafaa bado kwa ndege. Ndege kubwa za abiria huenda kwa kasi ya takriban kilomita 850 hadi 900 kwa saa zikiwa juu. Ukigawanya 6,840 kwa 850, utapata muda unaozidi saa nane kidogo. Hata hivyo, ratiba za safari kati ya Nairobi na London kwa kawaida huonyesha muda unaokaribia saa tisa. Tofauti hiyo ina sababu zake.

Kwanza, ndege haianzi wala haimalizi safari kwa kasi hiyo. Hupanda taratibu na hushuka taratibu. Pili, muda unaoandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na huisha inapofika kwenye maegesho ya pili. Kwa hivyo, dakika za kutambaa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua huhesabiwa pia. Tatu, ndege haifuati duara kuu kwa ukamilifu. Hupangiwa njia kulingana na hali ya hewa, msongamano na usalama. Duara kuu kutoka Nairobi hadi London hupita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Vita vilipozuka nchini Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za raia, nazo ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuzunguka. Umbali kati ya miji haukuongezeka hata kwa mita moja; njia ndiyo iliyorefuka, na muda ukafuata.

Nne, kuna upepo. Juu sana angani, hasa katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki. Athari yake huonekana vyema zaidi katika safari ya Nairobi na New York, ambayo ilianza kufanywa moja kwa moja mwezi Oktoba 2018. Umbali ni takriban kilomita 11,800 kwenda na kurudi vilevile. Hata hivyo, ratiba ilipoanza ilitaja muda wa saa 15 kwenda New York na saa 14 kurudi Nairobi. Nahodha wa jahazi asingestaajabu kusikia hayo.

Inabainika, basi, kwamba semi kama vile "mwendo wa saa tisa" ni sahihi katika mazungumzo, lakini hazifai kuchukuliwa kuwa ni umbali. Mwandishi wa maandishi rasmi anapaswa kuutaja umbali kwa kilomita, kasi kwa kilomita kwa saa, na muda kwa saa na dakika. Neno mwendo abaki nalo pale anapotaka kumfanya msomaji aihisi safari, jambo ambalo watunzi wa riwaya na mashairi hulihitaji mno.

4.0 Saa na Masaa

Neno la pili lenye mzigo ni saa. Hutaja chombo kinachovaliwa mkononi au kutundikwa ukutani. Hutaja kipindi cha dakika 60. Hutaja pia nukta fulani katika siku. Maana ya kwanza haileti shida. Shida iko kati ya maana ya pili na ya tatu. Tazama sentensi ifuatayo:

(a) Ndege itaondoka baada ya saa nane.

Sentensi hii ina maana mbili. Huenda ndege itaondoka muda wa saa nane ukishapita tangu sasa. Huenda pia itaondoka wakati wowote baada ya kutimia saa nane mchana. Abiria anayesomewa tangazo hilo saa tano asubuhi anaweza kuamini kwamba ana hadi saa moja jioni, kumbe ndege yake inaruka alasiri.

Wazungumzaji wengi hulitatua jambo hili kwa kusema masaa manane wanapokusudia kipindi. Walimu nao hulisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa hoja kwamba saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI na haichukui kiambishi ma-. Kisarufi, walimu wana haki yao. Hata hivyo, mtafiti wa lugha anapaswa kuuliza ni kwa nini kosa hilo halikomi licha ya kusahihishwa miaka na mikaka. Jawabu linaloelekea kuwa la kweli ni kwamba umbo hilo linafanya kazi. Mtu akisema "masaa mawili" hakuna anayedhani kwamba anataja saa mbili za asubuhi. Wazungumzaji wamebuni kitofautishi ambacho sarufi sanifu haikuwapa katika nomino yenyewe.

Kumnyang'anya mwanafunzi kitofautishi bila kumpa kingine ni kumwacha na sentensi (a). Kiswahili sanifu kinacho kingine, ila hakifundishwi kwa mkazo unaostahili. Neno muda likitangulia, utata huondoka:

(b) Ndege itaondoka baada ya muda wa saa nane.

Sehemu ya siku ikifuata, utata huondoka vilevile:

(c) Ndege itaondoka baada ya kutimia saa nane mchana.

Kanuni inayopendekezwa ni rahisi: saa ya kipindi itanguliwe na muda, saa ya nukta ifuatwe na sehemu ya siku. Mwalimu anayefuta masaa na aandike muda wa saa pembeni, ili mwanafunzi aone kwamba amesahihishwa umbo, wala si kunyimwa maana.

5.0 Saa ya Ikweta Ugenini

Katika Kiswahili, siku ina vipindi viwili vya saa 12. Kimoja huanza jua linapokaribia kuchomoza na kingine huanza linapokaribia kutua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Mfumo huu una mantiki kamili mahali ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Jijini Nairobi, jua huchomoza kati ya saa 12 na saa moja asubuhi na hutua kati ya saa 12 jioni na saa moja usiku, uwe mwezi Juni au Desemba. Nambari na jua hutembea pamoja.

Jijini London nambari na jua huachana. Karibu na tarehe 21 Juni, jua hutua baada ya saa tatu usiku kwa saa za huko. Karibu na tarehe 21 Desemba, hutua kabla ya kutimia saa kumi alasiri. Fikiria mwanafunzi aliyewasili London mwezi Juni. Anapiga simu nyumbani na kusema, "Ni saa tatu na jua bado linawaka." Mamaye Kakamega ataelewa kwamba ni saa tatu asubuhi. Mwezi Desemba mwanafunzi huyo huyo anasema, "Ni saa kumi na giza limeingia." Mamaye atadhani kwamba mwanawe hajalala na kunakaribia kupambazuka. Katika hali zote mbili mwanafunzi amesema kweli, na katika zote mbili mama amekosea kwa saa 12. Maneno asubuhi, alasiri na usiku ndiyo yanayoitofautisha saa tatu na saa tatu nyingine, nayo maana zake zimefungamana na mwanga.

Suluhisho ni kuyachukua maneno hayo kuwa majina ya vipindi vya saa, yasiyotegemea mwanga. Hili si jambo geni. Saa 12 asubuhi jijini Nairobi mara nyingi hukuta jua halijachomoza, na hakuna anayekataa kuiita asubuhi. Kwa msingi huo, ni halali kusema "saa tatu usiku, jua likiwa bado halijatua" unapoisimulia London ya mwezi Juni. Msomaji atastaajabu kidogo, lakini hatapotea.

Isitoshe, msafiri hukabiliwa na mageuzi mawili ya saa ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni la namna ya kuhesabu. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, na ili kupata saa ya Kiswahili nambari husogezwa kwa 6. Kinachoandikwa 08:00 ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. La pili ni la mahali. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na kwa kuwa Nairobi na London zimetengana kwa digrii 37 hivi, jua lenyewe lingetoa tofauti ya takriban saa mbili na nusu. Sheria za nchi, hata hivyo, hazifuati jua kwa ukamilifu. Nairobi hutangulia London kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kipindi ambacho Waingereza husogeza saa zao mbele.

Mfano ufuatao wa kubuni unayaweka mageuzi hayo pamoja. Ndege inaondoka Nairobi mwezi Januari, 23:30, na kufika London 05:20. Kwa Kiswahili, inaondoka saa tano na nusu usiku na kufika saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Anayetoa nambari moja kwa nyingine atapata saa tano na dakika 50, na atadhani kwamba safari ni fupi mno. Ukiigeuza saa ya London kuwa ya Nairobi kwa kuongeza tatu, utapata saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Muda wa safari, basi, ni saa nane na dakika 50. Wakati wa kurudi, ndege inaondoka London 10:00 na kufika Nairobi 21:40. Hapa nambari zinadai saa 11 na dakika 40, ilhali muda halisi ni saa nane na dakika 40. Safari haikuwa fupi kwenda wala ndefu kurudi. Saa za miji miwili ndizo zilizotofautiana.

6.0 Usiku wa Kuamkia

Suala la mwisho linahusu jina la siku. Katika hesabu ya kimataifa, siku mpya huanza usiku wa manane. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, usiku ni kipindi kimoja kisichokatwa katikati. Tiketi ikiandikwa Jumanne 00:30, wengi hutafsiri "Jumanne, saa sita na nusu usiku." Abiria akisikia hivyo, atashinda nyumbani Jumanne nzima akifunga mizigo, kisha atafika uwanjani Jumanne usiku. Ndege yake itakuwa imeondoka takriban saa 24 zilizopita.

Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu, nayo husikika kila siku katika taarifa za habari: usiku wa kuamkia. "Saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne" ni maelezo yasiyo na mwanya wa kosa. Abiria atajua kwamba ni lazima atoke nyumbani Jumatatu jioni. Inafaa kusisitizwa kwamba hapa Kiswahili hakihitaji kukopa istilahi yoyote. Maneno yanayoandikwa kwenye tiketi ndiyo yanayoacha mwanya, na usemi wa mitaani ndio unaouziba. Mfasiri anayeuacha kwa kudhani kwamba si wa kitaalamu anamnyima abiria kinga aliyokuwa nayo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba safari moja ya ndege ina umbali usiobadilika, muda unaobadilika kwa njia na upepo, na nyakati ambazo ni za miji yake. Kiswahili kina neno kwa kila kimoja. Mwandishi au mfasiri wa taarifa za usafiri anashauriwa kutaja umbali kwa kilomita, kuitanguliza saa ya kipindi kwa neno muda, kuifuatisha saa ya nukta kwa sehemu ya siku na jina la mji, na kutumia usiku wa kuamkia kwa kila wakati ulio baada ya saa sita usiku na kabla ya alfajiri. Kwa kanuni hizo, taarifa kamili ingesomeka hivi: "Ndege itaondoka Nairobi saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne, na itasafiri kwa muda wa saa nane na dakika 50. Itafika London Jumanne saa 12 na dakika ishirini asubuhi kwa saa za London."

Taarifa hiyo ni ndefu kidogo kuliko ile iliyo kwenye tiketi. Hata hivyo, mama anayengojea simu Kakamega anaweza kuisoma mara moja na kujua ni lini aanze kuingojea.